"Si tununue tu kilicho tayari?" na dhana nyingine kuhusu ununuzi wa zana za kijeshi

Nimeulizwa tena, na safari hii aliyeuliza ni mtu mwenye kalamu ya kuidhinisha matumizi: "Kwa nini mradi mmoja uwasumbue miaka kumi? Si tununue tu kilichokwisha kutengenezwa na wengine, kinachofanya kazi, na bei yake inajulikana?" Kazi yangu ni kupitia mikataba na makadirio ya ununuzi wa zana za kijeshi, na swali hili nimelisikia mara nyingi mno. Linaulizwa kwa nia njema, ndiyo maana linaniuma: huulizwa mwanzoni, wakati ambapo jibu sahihi lingeokoa miaka. Nitalijibu kwa urefu. Mengine nitayapitia haraka.

"Kilicho tayari ni cha haraka na nafuu"

Ni kweli, kwa sharti moja: usikiguse. Chombo kilicho tayari hubaki tayari pale tu unapokichukua kama kilivyo, pamoja na redio yake, viti vyake, vipuri vyake na kitabu chake cha matengenezo. Ukianza kukibadilisha umeanzisha mradi wa usanifu, hata kama hakuna aliyeuita hivyo kwenye karatasi.

Walioheshimu sharti hilo walipata walichotaka. Uingereza ilipokosa ndege kubwa za mizigo, mwaka 2000 ilikodi C-17 nne, zilezile za jeshi la anga la Marekani, bila kuzigeuza. Ya kwanza ilikabidhiwa Mei 2001, na baadaye zote zikanunuliwa na nyingine kuongezwa. Poland ilisaini mkataba wa vifaru 180 vya K2 kutoka Korea Kusini Agosti 2022. Vya kwanza vilishushwa bandarini Desemba mwaka huohuo. Toleo la kifaru hichohicho lililokusudiwa kubadilishwa kwa matakwa ya Poland, na sehemu yake kuundwa hukohuko, mkataba wake ulisainiwa Agosti 2025. Mnunuzi ni yuleyule na muuzaji ni yuleyule. Kilichokula miaka mitatu ni mazungumzo juu ya marekebisho, nani aunde nini, na kwa bei gani.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1995 Uingereza hiyohiyo iliagiza helikopta nane za Chinook kwa ajili ya vikosi maalumu. Chinook inaruka tangu miaka ya 1960 na kila mtu katika fani anaijua. Ila hizi nane ziliombewa chumba cha rubani cha peke yake, mchanganyiko wa skrini za kidijiti na vifaa vya mishale vya zamani, kwa sababu bajeti haikutosha mfumo mzima wa kidijiti. Zilipofika, programu za chumba hicho hazikuweza kuthibitishwa kuwa salama kwa viwango vya Uingereza, kwa kuwa mkataba haukumpa mnunuzi haki ya kuuona msimbo wake. Zana za pauni milioni 259 zikakaa bandani. Ziliruhusiwa kuruka juu ya futi 500 tu, na hali ya hewa ikiwa wazi. Fikiria maana yake kwa askari wanaotakiwa kupita chini, usiku, kwenye mawingu. Mwaka 2007 ikaamuliwa vyumba vya marubani virudishwe katika hali ya toleo la kawaida, yaani lile lililokuwepo tangu mwanzo, na gharama yote ikakadiriwa kupita pauni milioni 420.

Mfano wa karibuni zaidi unanisikitisha kwa sababu walioubuni walijua hatari hii na wakaanza vizuri. Mwaka 2020 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilichagua meli ya kivita iliyojengwa juu ya mchoro wa FREMM, meli ya Italia na Ufaransa iliyokuwa tayari baharini. Mpango ulikuwa meli mpya ifanane na mama yake kwa takriban asilimia 85. Kisha yakaja matakwa: viwango vya Kimarekani vya kuhimili mapigo, mifumo ya Kimarekani, meli ikarefushwa, pua ikabadilishwa. Ujenzi ukaanza Agosti 2022 michoro ikiwa haijakamilika. Kufikia 2024 iliripotiwa kuwa ufanano umeshuka chini ya asilimia 15 na meli ya kwanza imesogezwa kutoka 2026 hadi 2029. Novemba 2025 jeshi likatangaza kuachana na meli zilizokuwa hazijaanza kujengwa, likabaki na mbili za kwanza.

Watu husikia haya wakadhani kuna mpumbavu mmoja aliyefanya uamuzi mmoja mbaya. Hayuko. Niliwahi kupewa orodha ya mabadiliko ya gari la deraya lililokuwa likitumika vizuri kwingine. Mbele ya kila mstari paliandikwa neno "dogo". Mmoja ulisema: weka redio za jeshi letu badala ya zile za kiwandani. Nani angelikataa hilo? Askari lazima wazungumze na wenzao. Lakini redio zetu zilikuwa nene zaidi, kwa hiyo kiti cha kamanda kikasogezwa nyuma sentimita chache. Kiti kile kilikuwa kimening'inizwa kutoka darini ili mlipuko wa bomu la ardhini usipande moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa aliyekikalia, na cheti chake cha usalama kilitolewa kwa vipimo vilevile vya kutoka sakafuni na ukutani. Kikisogea, cheti kimekufa. Kupata kingine ni lazima gari jingine zima lilipuliwe mbele ya wakaguzi, na uwanja wa majaribio una foleni yake. Redio zilezile zilikula umeme zaidi, zikataka alteneta kubwa zaidi. Joto likaongezeka ndani, kikatakiwa kipoza hewa chenye nguvu zaidi. Uzito ukapanda, breki na springi zikarudi mezani kwa wahandisi. Yote hayo yalitoka kwenye mstari mmoja, na mistari ilikuwa kurasa kadhaa. Aliyeuandika hakuwa mzembe. Hakuwa tu na namna ya kuona mwisho wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ndiyo maana nawasisitizia wateja wangu jambo ambalo wengi hulichukia: kabla ya kutangaza zabuni, andikeni orodha ya mambo ambayo chombo hiki hakitafanya, na ambayo mmekubali kuyakosa. Isainiwe na mwenye madaraka, si na karani. Afisa mpya akija baada ya miezi minane na wazo lake, aonyeshwe karatasi hiyo. Na muulize mapema nani anamiliki michoro na msimbo wa programu, na kama mna haki ya kuvitumia siku kiwanda kikigoma au kikifilisika. Suala hilo likiachwa hadi baada ya saini, muuzaji ndiye anayepanga bei ya jibu.

"Bei ikipanda, punguza idadi"

Hesabu hii huonekana ya busara hadi uifanye. Gharama ya usanifu, majaribio na mitambo ya kiwanda hulipwa hata ukinunua chombo kimoja. Ukipunguza idadi, gharama ileile inagawanywa kwa vichache, bei ya kila kimoja inaruka, wabunge wanashtuka, idadi inapunguzwa tena. Ndege za Marekani za kudondosha mabomu, B-2, zilipangwa ziwe 132. Zikaundwa 21, na kila moja, ukijumlisha na usanifu, ikapita dola bilioni 2. Meli za kivita za Marekani za daraja la Zumwalt zilipangwa 32, zikajengwa 3. Mizinga yake ilisanifiwa kwa risasi maalumu ambazo hakuna meli nyingine ingezitumia, na meli zilipobaki tatu bei ya risasi moja ilikadiriwa kufika dola 800,000 au zaidi. Ununuzi wake ukafutwa 2016, meli zikabaki na mizinga isiyo na cha kufyatua.

Hapohapo niseme: ukisoma kwamba ndege fulani "inagharimu" kiasi fulani, uliza kwanza kama usanifu umo ndani, kama vipuri na mafunzo vimo, na ni fedha za mwaka gani. Bila hayo, kulinganisha ndege mbili ni kupoteza muda.

"Tuahirishe kidogo, tutaokoa"

Mwishoni mwa 2008 Uingereza iliamua kupunguza kasi ya ujenzi wa manowari zake mbili za kubebea ndege ili kupata nafuu ya takriban pauni milioni 450 katika miaka ya mwanzo. Uamuzi huo uliongeza zaidi ya pauni bilioni 1.5 kwenye gharama nzima. Mafundi wa kuchomelea hawawekwi kabatini mwaka mzima. Unawalipa wakisubiri, au unawapoteza na kufundisha wengine. Sina la kuongeza hapa.

"Mkataba wa bei isiyobadilika unamaliza tatizo"

Unalinda fedha zako kwa kiasi fulani. Muda wako hauulindi. Marekani ilisaini mkataba wa namna hiyo na Boeing mwaka 2011 kwa ndege ya kujaza mafuta angani, KC-46, ukomo wa awamu ya usanifu ukiwa dola bilioni 4.9. Gharama zilipozidi, kampuni ndiyo iliyobeba, hasara inayopita dola bilioni 7. Lakini ndege 18 zilizotakiwa kuwa tayari Agosti 2017 hazikuwepo. Ya kwanza ilipokelewa Januari 2019, na kamera ambazo mwendeshaji anazitazama ili kuunganisha bomba la mafuta zilikuwa na kasoro iliyohitaji kusanifiwa upya. Kwa A-12, ndege ya mashambulizi ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, mambo yalikuwa mabaya zaidi: mkataba ulivunjwa Januari 1991 kabla haijaruka hata mara moja, na kesi ikaendelea hadi 2014.

Bei isiyobadilika inafaa kwa kitu ambacho kiwanda kimeshakitengeneza mara nyingi. Kwa kitu ambacho bado ni mchoro, nausihi upande wa mnunuzi uikatae, hata inapotolewa kwa tabasamu. Mzabuni aliyebashiri chini ili ashinde atatafuta pa kufidia, na mahali pa kwanza ni kila badiliko utakaloomba baadaye.

"Ni wizi tu"

Wizi upo katika biashara hii, tena mkubwa, na wahusika wafungwe. Lakini anayeeleza kila ucheleweshaji kwa neno hilo huacha sababu nyingine zikae salama zikisubiri mradi unaofuata. Nyambizi za Hispania za S-80 zilibainika mwaka 2013 kuwa zimezidi uzito kwa tani 75 hadi 100, kiasi cha kutilia shaka kama zingeweza kuibuka baada ya kuzama. Hakuna aliyeiba tani hizo. Zilikuwa kosa la hesabu ambalo halikukamatwa mapema. Ikabidi nyambizi irefushwe hadi kama mita 81, kisha ikaonekana gati la Cartagena nalo ni fupi. Ya kwanza, Isaac Peral, ilikabidhiwa Novemba 2023. Mkaguzi wa fedha asingeligundua kosa lile. Mhandisi wa uzito mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi angeligundua, na miradi mingi bado haimpi mamlaka hayo.

"Kikishapokelewa, gharama zimekwisha"

Siku ya bendera na bendi huficha mengi. Manowari ya Marekani ya kubebea ndege, USS Gerald R. Ford, ilipopokelewa Mei 2017, lifti zake 11 za kupandishia silaha kutoka maghalani hazikuwa zimekamilika hata moja. Ya mwisho ilikabidhiwa Desemba 2021. Na hata chombo kikikamilika, kukinunua ndiyo sehemu ndogo. Kwa ndege za kivita za F-35, wakaguzi wa Marekani mwaka 2024 walitaja makadirio ya dola trilioni 1.58 za kuzitunza na kuziendesha katika maisha yake yote, ilhali kuzisanifu na kuzinunua kulikadiriwa takriban dola bilioni 442.

Kwa hiyo anayekuja kwangu na bei ya chombo peke yake namrudisha akalete ya miaka 30: vipuri, mafuta, mafundi na mafunzo yao, mabanda, risasi za mazoezi, na ada ya kusasisha programu. Wengi hurudi baada ya wiki mbili wakiwa na idadi tofauti ya wanachotaka kununua.