Saa tisa usiku, na hesabu iliyonitoa upande wa makaa ya mawe

Mwaka 2014 nilikuwa upande wa makaa ya mawe. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoniandikia kuhusu Lamu hudhani nilipinga tangu siku ya kwanza mtambo wa makaa uliopangwa kujengwa kule. Sikupinga. Mimi ni mhandisi wa umeme, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kupanga mtambo upi uwashwe saa ngapi ili stima isipotee na gharama isipande. Mtu wa kazi hii huvutiwa sana na mtambo mkubwa usiongoja mvua.

Tena nilikuwa na sababu. Nilikumbuka mgao wa mwaka 2000, ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa ya mto Tana na Kenya nzima ikawa inapangiana giza kwa zamu. Baada ya hapo tuliletewa jenereta za dizeli za dharura, na dharura ikazoeleka. Kila ukame uliofuata tulirudi kwenye mafuta mazito ya meli na dizeli, na ndiyo maana bili ya stima ya Kenya ina ada ya mafuta inayopanda na kushuka mwezi baada ya mwezi. Mzee anayenunua tokeni Likoni hana habari na soko la mafuta la dunia, lakini soko hilo lina habari naye. Mimi nilidhani makaa ya mawe, yaliyo rahisi kuliko dizeli, yangetutoa hapo.

Basi mwaka 2013 serikali ilipotangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40, nilifurahi. Wakati huo kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa kama megawati 1,350. Mpango ule ulikuwa na gesi ya kuagizwa ya Dongo Kundu, makaa ya Kitui, na mtambo wa makaa wa Lamu, pale Kwasasi: megawati 1,050, mashine tatu za 350 kila moja, kwa gharama ya dola bilioni 2 hivi. Makaa yenyewe yangeanza kwa kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini.

Kilichonigeuza hakikuwa moshi, ingawa moshi nitaufikia. Ilikuwa hesabu ya saa tisa usiku.

Kwenye chumba cha kuongozea gridi tunaitazama nchi kama mstari mmoja unaopanda na kushuka. Alfajiri unapanda watu wakiamka, mchana unasimama viwanda vikifanya kazi, magharibi unaruka, na mnamo saa mbili usiku unafika juu kabisa: taa, televisheni, pasi, mabirika ya chai. Kisha watu wanalala. Ikifika saa tisa usiku mstari umeporomoka hadi karibu asilimia 60 ya kilele. Mwaka 2019 kilele chetu kilikuwa megawati 1,900 hivi, kwa hiyo usiku wa manane nchi ilihitaji 1,100 au 1,200 tu.

Sasa muweke mgeni wetu wa Lamu ndani ya usiku huo. Mtambo wa makaa ya mawe hauzimwi kama taa. Ndani yake kuna tanuri na mabomba ya mvuke wenye joto kali mno. Ukiuacha upoe kabisa, kuuwasha tena huchukua saa nyingi, na chuma kinachopanuka na kunywea kila siku hupasuka kabla ya wakati wake. Unaweza kuupunguza, lakini ukifika kama nusu ya nguvu zake huanza kuyumba. Kwa hiyo saa tisa usiku Lamu ingetaka kubaki ndani na mamia ya megawati zake.

Na Olkaria je? Visima vya mvuke wa ardhini navyo havipendi kufungwa na kufunguliwa. Tangu mashine ya kwanza ya megawati 15 iwashwe pale mwaka 1981, Olkaria imekuwa ndiyo nguzo ya usiku, haitegemei mvua, na mvuke wake hauagizwi na meli. Ongeza maji ya mabwawa ambayo lazima yapite, na upepo wa Turkana ambao huvuma sana usiku. Gridi ilikuwa imeshajaa kabla Lamu haijapiga hodi. Hata bila Lamu, kuna usiku ambao mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Nilipochora mstari ule na kuuweka mtambo wa Lamu ndani yake, niliona tungekuwa tunamwaga mvuke wetu wenyewe ili kuchoma makaa ya wengine.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia hesabu kwa njia nyingine. Mtambo wa megawati 1,000 ukifanya kazi kwa asilimia 85 ya mwaka hutoa uniti bilioni 7.4. Nchi nzima, mitambo yote kwa jumla, ilikuwa ikizalisha kama bilioni 11 kwa mwaka. Hakukuwa na pa kuziweka.

Hapo ndipo mkataba unapoingia, na naomba uniwie subira, kwa sababu hapa ndipo pesa ya mwananchi hupotelea. Mkataba wa ununuzi wa umeme wa mitambo mikubwa huwa na malipo ya aina mbili. Moja ni ya uniti ulizochukua. Nyingine ni ya mtambo kuwepo tu tayari, uutumie usiutumie. Ni kama kukodi basi kwa mwezi: likibeba abiria au likilala stendi, mwenye basi anataka chake. Taasisi ya IEEFA, inayochunguza uchumi wa nishati, katika ripoti yake ya Juni 2019, ilikadiria kwamba Wakenya wangelipa kiasi cha dola bilioni 9 katika miaka 25 hata kama mtambo wa Lamu usingezalisha uniti hata moja. Gawanya kwa miaka, kisha gawanya kwa uniti zilizokuwa zikiuzwa nchini wakati ule: mimi napata kama shilingi 4 kwa kila uniti. Yule wa tokeni za shilingi 100 ndiye angelipa, naye hajui Kwasasi iko wapi.

Ami yangu alikuwa mvuvi Lamu. Nilimwendea wakati wa ile mikutano ya hadhara, nikiwa bado nautetea mradi, nikamkuta anashona jarife barazani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Huo moto wataka kuuwasha huku, ni wetu au ni wa bara?"

Nikamweleza habari za gridi, kwamba umeme ni wa wote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza maji ya moto ya kupozea mashine yatamwagwa wapi. Nilimjibu kitaalamu. Hakunijibu neno, akarudi kwenye jarife lake. Kwa miaka mingi Lamu iliwashwa kwa jenereta za dizeli, hadi laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai ilipofika, na watu wale hawakuwa maadui wa stima hata kidogo. Walikuwa wakiuliza swali ambalo mimi, mwenye shahada, nilipaswa kuliuliza kabla yao.

Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo ule, baada ya wakazi chini ya Save Lamu kushtaki. Ilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitatoa fedha, na mwaka 2020 benki ya ICBC ya Uchina ikajitoa.

Sasa moshi. Kila uniti ya umeme wa makaa ya mawe hutoa takribani kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Uniti bilioni 7.4 ni zaidi ya tani milioni 7 kwa mwaka. Kenya nzima, magari, viwanda vya saruji, ndege na jenereta, ilikuwa ikitoa karibu tani milioni 20 kutokana na mafuta na makaa. Mtambo mmoja ungeongeza theluthi.

Najua jibu linalofuata, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu lina haki ndani yake. Tani hizo milioni 20 hazifiki hata asilimia 0.1 ya kaboni ya dunia. Uingereza ilichoma makaa ya mawe tangu 1882 ilipojenga kituo chake cha kwanza cha umeme hadi ilipofunga cha mwisho Septemba 2024. Wao wameshajenga nyumba, sisi tunaambiwa tusikate hata mti mmoja. Nani aliyetupa wajibu huo? Mimi nakubali: deni la kaboni si letu, na mwenye deni alipe. Lakini haki ya kuchoma haiigeuzi hesabu ya saa tisa usiku. Itazame Afrika Kusini, ambayo hupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwenye makaa yaliyo chini ya miguu yake yenyewe, na bado mwaka 2023 ilikuwa na mgao mbaya kuliko wowote iliowahi kuupata, mitambo yake mikongwe ikiharibika mmoja baada ya mwingine. Sisi tungekuwa na makaa ya kununua kwa dola.

Wala sitaki msomaji adhani upepo na jua ni malaika. Turkana tulijengewa mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ikawa tayari mwaka 2017. Laini ya kuutoa umeme huo hadi kituo cha gridi cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Kwa muda wote huo mapanga yalisimama jangwani na nchi ikadaiwa mabilioni ya shilingi, kwa kuwa mkataba ulisema mtambo uko tayari. Ugonjwa ni ule ule.

Siku hizi mazungumzo ya makaa yanarudi. Kilele kimepita megawati 2,300 mwaka 2025, na magharibi mwa nchi imebidi kupunguza mzigo nyakati za jioni. Watu wananiuliza kama sijuti. Pengo hilo ni la kweli, linaniudhi na linaumiza watu. Lakini liangalie liko wapi: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Ni muda wa saa nne tu. Linaweza kuzibwa na betri zinazojazwa mchana na jua, na maji ya Tana yanayotunzwa hadi jioni, na umeme wa Ethiopia ambao tangu 2022 unafika Suswa kwa laini ya kilovolti 500, na laini zaidi za kuutoa umeme Olkaria kuupeleka magharibi. Mtambo wa makaa ungeziba saa hizo nne, kisha ungekulipisha zile ishirini zilizobaki.

Jambo linaloniuma zaidi ni lile la reli. Katika makadirio yaliyohalalisha megawati zile 5,000, mmoja wa watumiaji wakubwa waliohesabiwa alikuwa treni ya umeme. Reli ya SGR ilipofunguliwa mwaka 2017, vichwa vyake vilikuwa vya dizeli, na hadi leo naandika bado ni vya dizeli. Tanzania, ambayo umeme wake mwingi kwa muda mrefu umetoka kwenye gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, imeanza kupeleka watu Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya umeme tangu 2024. Sisi ambao karibu asilimia 90 ya umeme wetu hautoki kwenye mafuta wala makaa, tunavuta makontena kwa dizeli ya kuagiza. Na treni za mizigo hutembea usiku.

Mwezi uliopita nilipanda ile ya usiku kutoka Mombasa. Kwa mwendo mrefu, nguzo za laini ya kilovolti 400 kutoka Rabai hadi Isinya zinakwenda sambamba na reli, nyakati nyingine karibu kiasi kwamba mwanga wa mwezi unakuonyesha nyaya. Injini ilikuwa ikinguruma mbele. Nilitazama saa, halafu nikazitazama tena zile nyaya, nikiwaza visima vya Olkaria na mvuke unaopanda juu ya Hell's Gate saa hizo bila wa kuutaka.