Amilasi ya Bogoria: pale vipimo vinapodanganya

Kupata bakteria wa maji moto si kazi ngumu. Kazi ni kuthibitisha kwamba kimeng'enya chao (protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia) kweli kinavumilia joto. Mfano wa kupimia ni Taq polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, ya Thermus aquaticus, bakteria aliyepatikana Yellowstone, Marekani, miaka ya 1960. Kwenye nyuzi 95 hubakiwa na nusu ya nguvu yake baada ya dakika 40 hivi, na ndiyo maana PCR, njia ya kurudufu DNA kwa mizunguko ya joto na ubaridi, haihitaji kuongezewa kimeng'enya kila mzunguko.

Tuchukue amilasi, kimeng'enya kinachokata wanga, kutoka chemchemi za Loburu, Ziwa Bogoria, Kenya. Vibali kwanza: NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwa utafiti, NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa rasilimali za kijenetiki. Ukifika, usikanyage ukoko mweupe kandokando ya maji, maana chini yake kunaweza kuwa maji yanayochemka. Tumia kikombe kilichofungwa kwenye ufito mrefu. Pima joto na pH papo hapo, kwa sababu gesi ya kaboni ikitoka, pH hupanda chupani. Chota tope na utando wa rangi pale maji yalipopoa hadi nyuzi 60 au 65. Kwenye mdomo unaotokota viumbe ni wachache na wagumu kuotesha. Chupa ya chai ya kutunzia joto wengi huibeba, lakini bakteria wengi wa aina hii huvumilia siku chache za ubaridi, ila hawakui tu.

Chakula cha kuoteshea, kwa lita moja: wanga gramu 10, peptoni 5, dondoo ya hamira 5, K₂HPO₄ 1, MgSO₄ 0.2, ageri (ya kugandisha) 20, na Na₂CO₃ (magadi) 10. Hiyo ya mwisho ichemshie peke yake, uichanganye vikishapoa kidogo. Ukiichemsha pamoja, mchanganyiko huwa wa kahawia na ageri haigandi vizuri. Sahani zikae nyuzi 60 ndani ya mfuko wenye kitambaa kibichi, la sivyo kesho yake ni ngozi kavu. Juu ya nyuzi 65 achana na ageri, tumia gelani, kigandishi kinachostahimili joto zaidi.

Sasa mtego wa kwanza. Unamwaga iodini, ambayo hugeuza wanga kuwa buluu; sahani nzima inabaki nyeupe, unadhani wanga umekatwa, unashangilia. Kumbe kwenye magadi iodini hubadilika na rangi ya buluu haitokei kabisa, wanga uwepo usiwepo. Mwagia kwanza asidi hafifu, kisha iodini. Na daima weka sahani moja isiyopandwa kitu: hiyo lazima iwe buluu yote.

Mtego wa pili ni bufa, mchanganyiko wa kushikilia pH. Bufa ya Tris ya pH 8.0 kwenye nyuzi 25 hushuka hadi karibu 6.7 kwenye nyuzi 70. Glisini nayo husogea vivyo hivyo. Unadhani joto limekiua kimeng'enya, kumbe ni pH. Rekebisha bufa ikiwa kwenye joto la kazi, na kipima pH kisawazishwe kwenye joto hilohilo.

Mtego wa tatu ndio unaojaza ripoti nyingi: kuripoti "joto bora nyuzi 80" kutokana na kipimo cha dakika 10. Kwa dakika 10 hata kimeng'enya kinachokufa huonekana shujaa, tena wanga wenyewe hukilinda. Kiweke nyuzi 70 bila wanga, chota dakika ya 0, 10, 30, 60 na 120, tia kwenye barafu, ndipo upime kilichobaki. Rudia ukiwa na CaCl₂ (kloridi ya kalsiamu) milimola 2 kwa lita, kwa kuwa amilasi nyingi hushikiliwa na kalsiamu. Lakini si ndani ya bufa ya fosfati au kaboneti, kalsiamu itatuama chini kama chokaa. Mrija usio na kimeng'enya upitie joto lilelile. Na funika sampuli kwa tone la mafuta ya madini: maji yakipungua, kimeng'enya huongezeka ukali, na mchoro wako utaonyesha nguvu iliyopanda baada ya saa mbili za joto.