Wekundu wa Reynolds Haurudi kwa Kusafishwa

Kila anayeniletea picha iliyochorwa na Joshua Reynolds, mchoraji wa sura za watu wa Uingereza wa karne ya kumi na nane, au na msaidizi wake yeyote, huniomba jambo lile lile: niondoe uchafu usoni ili wekundu wa mashavu urudi. Ombi hili nimelijibu kwa upole kwa miaka mingi, na upole umekwisha. Wekundu huo haukufunikwa na kitu, umekufa. Reynolds aliipaka ngozi wekundu utokanao na wadudu wa kochinili, rangi inayopendeza sana ikiwa mpya lakini isiyostahimili mwanga, na kwa kuwa aliitandaza nyembamba juu ya rangi nyeupe itokanayo na madini ya risasi, mwanga uliila upesi ukawaacha mabibi wenye afya wakiwa na nyuso za wagonjwa. Wateja wake walilalamika yeye mwenyewe angali hai. Anayebisha na aifungue fremu: pale ubao ulipoukinga ukingo wa turubai, mara nyingine hubaki ukanda wa waridi wenye upana wa kucha, ilhali sehemu iliyobaki ya vazi lililochorwa imekwisha kuwa kijivu.

Tena kusafisha kwenyewe ni hatari, kwa sababu Reynolds alichanganya rangi na utomvu, nta, hata lami, na dawa inayoyeyusha vanishi kuukuu huyeyusha pia utomvu uliomo ndani ya rangi. Pamba ikitoka na wekundu, huo si uchafu, ni shavu la mtu. Usiitundike picha mkabala na dirisha, usiipanguse kwa kitambaa chenye maji, wala usiisugue kwa kiazi kilichokatwa kama wanavyofanya wengine; kiazi kibaki jikoni.

Wapo wanaoamini kwamba kila uzi wa nguo ni wa mkono wake. Mwaka 1758 aliwapokea watu wapatao 150 waliotaka kuchorwa; sura alizichora mwenyewe, lakini mavazi mengi ni kazi ya watu kama Peter Toms na Giuseppe Marchi.

Wengine husimulia kwamba Thomas Gainsborough, mchoraji mwenzake na mshindani wake, aliichora ile picha yake maarufu ya mvulana aliyevaa buluu ili kuipinga hotuba ya Reynolds dhidi ya rangi baridi, kama buluu. Picha ilionyeshwa mwaka 1770. Hotuba ilitolewa Desemba 1778. Na huo uadui wao unaokuzwa haukuwazuia kukutana mwaka 1788, Gainsborough alipokuwa mahututi na kumwita Reynolds kitandani kwake. Desemba ya mwaka huo huo, Reynolds alitumia hotuba yake kwa wanafunzi wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa kuzichambua kazi za marehemu.