Fruktosi haipandishi sukari ya damu: sawa, lakini inaenda wapi?

Kila mara husemwa kwamba fruktosi ni sukari salama kwa kuwa haipandishi sukari ya damu. Sehemu ya kwanza haikubaliki, ya pili inakaribia ukweli, na tatizo liko kwenye hilo neno "kwa kuwa".

Glukosi na fruktosi ni sukari sahili zenye fomula moja, C6H12O6. Hutofautiana kwa mpangilio wa atomi tu. Sukari ya mezani ni hizo mbili zimeungana, molekuli moja ya kila aina, na utumbo mwembamba huzitenganisha kabla hazijaingia damuni.

Glukosi hutumiwa na karibu kila seli, na ikipanda damuni kongosho hutoa insulini. Fruktosi huigusa kongosho kidogo sana, kwani sehemu kubwa yake huishia kwenye utumbo na ini. Tena kile kipimo cha tone la damu ya kidole husoma glukosi peke yake! Namba isipopanda, haina maana kwamba mwili haujapokea kitu.

Jambo lenyewe liko ndani ya ini. Humo glukosi hupita kwenye kimeng'enya kiitwacho fosfofruktokinasi, ambacho hupunguza kasi seli ikiwa na ATP (molekuli inayobeba nishati) na sitrati tele, yaani ikiwa imeshiba nishati. Fruktosi hupita njia ya panya. Kimeng'enya kingine, fruktokinasi, huibandika fosfati upesi bila kujali seli imeshiba au la, kisha kimeng'enya aldolasi B huikata vipande viwili vya kaboni tatu tatu, ambavyo huingia kwenye njia ya glukosi baada ya kizuizi hicho kupitwa. Kila ubandikaji hula ATP moja. Fruktosi ikimiminika nyingi kwa mkupuo, ATP ya ini hushuka na mabaki yake huvunjwa hadi kuwa asidi ya yuriki, habari isiyompendeza mwenye jongo.

Wapo pia wanaodai kila gramu ya fruktosi hugeuka mafuta. Nao wamezidisha. Sehemu kubwa huwa glukosi, laktati (chumvi ya asidi ya maziwa, ambayo seli huitumia kama nishati) na glaikojeni (akiba ya glukosi). Kinachogeuka mafuta moja kwa moja baada ya mlo mmoja ni kidogo. Hali hubadilika inapokuja nyingi kila siku, hasa kwa vinywaji vitamu, kwa mtu ambaye tayari anakula kupita mahitaji. Tunda zima huleta fruktosi chache, na kwa polepole.

Kwa hiyo tuseme tu kwamba fruktosi hupandisha sukari ya damu kidogo kuliko glukosi. Kuhusu usalama, mtu aulize kwanza ni gramu ngapi.