Useremala wa msituni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaojiunga na mafunzo ya useremala wa asili chini ya miti huja na mambo waliyoyasikia kwenye karakana. Baadhi ni sahihi kwa mbao kavu. Msituni kazi huanzia kwenye gogo bichi, na hapo ndipo yanapopotosha.

"Mti mbichi hauchongwi, usubiri ukauke."
Kwa kijiko, bakuli au mguu wa kigoda, ni kinyume. Mti uliokatwa karibuni ni laini, shoka na kisu hupita bila kushindana nao. Kinachopasua kazi ni kukauka kusiko sawa: mti husinyaa kwa kufuata mviringo wa pete zake za ukuaji takribani mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana gogo zima hupasuka hata lisipoguswa. Lipasue kwanza, ondoa kiini, chonga, kisha acha kazi ikauke polepole kivulini, hata ikifukiwa ndani ya maranda yake. Mafundi wa viti huutumia msinyao huohuo: ulimi, yaani ncha iliyochongwa, wa ufito mkavu hupigwa kwenye tundu la mguu wenye unyevu kiasi, na mguu ukikauka unaubana. Gundi si lazima.

"Mbao ya msumeno ni imara kuliko ya kupasua."
Msumeno hukata nyuzi, kabari huzifuata. Kipande kilichopasuliwa huwa na nyuzi zilizoungana toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo huhimili kupindwa. Kunyooka ni habari nyingine, hapo msumeno unashinda.

"Ni kazi ya wenye misuli."
Kwenye benchi la kubania unakaa, unasukuma kibanio kwa miguu na kuvuta kisu cha mikono miwili kuelekea kwako. Kadiri unavyovuta ndivyo miguu inavyozidi kubana. Msumeno wa watu wawili nao hutaka kupokezana: kila mmoja huvuta, halafu huachia. Anayesukuma huukunja ubapa, na jitu lenye nguvu lisilojua kuachia humchosha mwenzake kuliko gogo lenyewe.

"Mwanafunzi apewe kisu butu, ni salama."
Hapana kabisa. Kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikizidi kisu huteleza. Usalama uko kwingine: nyosha mkono wenye kisu na uuzungushe, uhakikishe hauwezi kumfikia mtu yeyote. Wala usichonge katikati ya mapaja, kwani mshipa mkubwa wa damu hupita upande wa ndani wa paja.

"Kila mti unaokatwa ni msitu unaokufa."
Inategemea mti. Mingi ya majani mapana huchipua upya kwenye kisiki, na machipukizi hayo huvunwa tena baada ya miaka kadhaa kama fito zilizonyooka, zinazofaa sana kwa kazi hii. Misonobari mingi haichipui, hiyo hupandwa upya kwa miche.