Je, wajua kwa nini kiyama huitwa kiyama?

Likitajwa neno kiyama, wengi huwaza moto, milima kupeperushwa na bahari kufurika. Aliyeponea chupuchupu kwenye mawimbi ya Shela, kule Lamu, husema amekiona kiyama, na aliyekasirika huapa kuwa hatasamehe hata kiyama. Lakini ndani ya neno lenyewe hamna moto wala maangamizi. Maana yake ya asili ni kusimama.

Limetoka kwenye Kiarabu, qiyama, na mzizi wake ni herufi tatu: qaf, waw na mim. Waw hiyo ikitanguliwa na sauti ya i hugeuka ya, ndiyo maana tuna saumu na siyamu, maneno mawili ya mzizi mmoja. Qaf nayo, ikipita kwenye ulimi wa Waswahili, mara nyingi huwa k tu.

Mwenyeji wa Lamu anaishi na ndugu za neno hili kila siku. Muadhini akikimu sala hutamka kwamba sala imesimama, na maamuma huinuka kupanga safu. Ramadhani kuna kiyamu leli, kisimamo cha usiku. Katika maulidi ya mwezi wa Mfungo Sita pale msikiti wa Riyadha, kisomo kikifika penye kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama kumsalia. Kisimamo hicho ndicho kiyamu. Hata ofisini neno limo: kaimu ni anayesimama badala ya mwingine, na makamu kwa asili ni mahali pa kusimama.

Basi siku hiyo nani atasimama? Qurani inajibu wazi. Sura ya 83, aya ya 6, inaitaja kuwa siku watakayosimama watu mbele ya Mola wa walimwengu wote. Sura ya 39, aya ya 68, inaeleza utaratibu wenyewe: baragumu litapulizwa, na waliomo mbinguni na ardhini watazimia, isipokuwa amtakaye Mungu, kisha litapulizwa mara ya pili, na hapo watakuwa wamesimama wakitazama. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa "wamesimama" ni qiyam, la mzizi uleule. Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mpulizo wa kwanza ndio unaomaliza. Wa pili ndio unaosimamisha, na kiyama kimepata jina lake kwa huo wa pili. Aliyewahi kuiona siwa, lile baragumu kubwa la shaba, katika makumbusho ya Lamu hapati taabu kuwaza chombo chenye sauti ya kuinua umma mzima.

Sura ya 75 yenyewe inaitwa Al-Qiyama. Ina aya 40, na mapema kabisa, katika aya ya 3 na ya 4, inamuuliza binadamu: anadhani mifupa yake haitakusanywa? Hata ncha za vidole vyake zitasawazishwa. Inaanza na mwili kurudi, si dunia kuteketea, na hilo linatosha kuonyesha uzito wa neno uko wapi.

Wakristo nao wanalo neno hili, tena kwa maana iliyo karibu sana na asili. Kanisa la Yerusalemu linaloaminika kujengwa penye kaburi la Yesu, kwa Kiarabu huitwa Kanisa la Qiyama, yaani la Ufufuo. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, Masadukayo wa Mathayo 22 ni watu wasemao kwamba hakuna kiyama. Wanachokana si mwisho wa dunia, ni kufufuka kwa wafu.

Kwa maandishi, utakuta kiama na kiyama, na yote mawili yanatumika. Upatanisho nao una njia mbili. Biblia hiyo, katika 1 Wakorintho 15, inaandika "kiyama ya wafu", ilhali wengi husema kiyama kitasimama, wakilifuata umbo la ki- kama walivyofanya kwa kitabu. Ila ki- hiyo si kiambishi hasa, kwa kuwa k yake ni ile qaf ya mzizi. Usilifananishe na Kiamu, lahaja ya Lamu, ambako ki- ni kiambishi cha lugha na Amu ni jina la mji wenyewe.