Hitisinki baridi, transista imekufa

Nimeletewa tena transiva (redio ya kurusha na kupokea) yenye feni mbili zilizobandikwa mgongoni kwa gundi. Nguvu imepandishwa kutoka wati 100 hadi 130, na transista za mwisho, zinazosukuma nguvu kwenye antena, zimekufa zote mbili. Mwenyewe haamini: "Lakini fundi, hitisinki (ile alumini yenye mapezi ya kutoa joto) ilikuwa baridi kabisa!" Ndugu yangu, hapo ndipo ulipotakiwa kushtuka.

Redio ya wati 100 huvuta ampea 20 hivi kwa volti 13.8, yaani wati 276. Mia zinakwenda kwenye antena. Zaidi ya 170 zinabaki kuwa joto, na sehemu kubwa inazaliwa ndani ya vipande viwili vya silikoni vidogo kuliko ukucha. Joto hilo lazima litoke kwenye silikoni, lipite tumbo la transista, livuke pale transista inapogusana na alumini, ndipo likutane na upepo wa feni. Mgusano ukiwa mbovu, hitisinki inabaki baridi kwa sababu joto halijafika huko.

Tuhesabu. Transista inatoa wati 80 za joto. Mgusano mzuri wa nyuzi 0.2 kwa kila wati unakula nyuzi 16. Skrubu moja ikilegea, ukapanda hadi 0.6, zinakuwa nyuzi 48. Hizo 32 za ziada zinabebwa na silikoni peke yake, hata ukifunga panga la helikopta huko nje.

Halafu mtu akisikia hivyo anapaka pesti, ule uji unaowekwa kati ya transista na alumini, kama siagi kwenye mkate! Pesti hupitisha joto vibaya mara makumi kuliko alumini. Kazi yake ni kuziba mikwaruzo ambayo ingejaa hewa, basi. Futa ya zamani kwa spiriti, paka utando mwembamba, kaza skrubu kwa zamu. Transista za zamani zenye kauri nyeupe usizipige tupa wala kuzivunja: nyingi zina oksidi ya berili, na vumbi lake linaharibu mapafu.

Sasa kinachoniudhi zaidi. Kwenye hitisinki kuna thamista (kipimo kidogo cha joto), au dayodi, inayopunguza bayasi, yaani umeme mdogo unaoiweka transista tayari kwa kazi, kadiri joto linavyopanda. Inafanya kazi kwa kukisia: inapima alumini, inadhani imepima transista. Wewe unakuja na feni yako unaielekeza papo hapo juu yake. Thamista inapigwa upepo, inaona mambo shwari, bayasi haishuki inavyotakiwa, na mkondo wa mapumziko, ule unaopita kwenye transista kabla hujaanza kuongea, unapanda huku silikoni ikiungua. Kama thamista hiyohiyo ndiyo inayowasha feni ya kiwandani, hiyo nayo haiwaki. Umeifunga macho redio kisha unailaumu kwa kujikwaa. Upepo upite kwenye mapezi, mbali na kipimo, na baada ya kufunga upime mkondo wa mapumziko redio ikiwa baridi na ikiwa moto. Sijawahi kukutana na mteja aliyepima mara ya pili.

Rekebisho ninaloliamini halina mbwembwe: feni ileile ya volti 12 izunguke taratibu muda wote kwa volti 7 hivi, isisubiri redio ichemke. Kwa FT8, mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, shusha hadi wati 30 au 40. Kila zamu ya sekunde 15 unarusha sekunde 12.64 kwa nguvu isiyopumua. Sauti ya SSB, mtindo wa kuongea kwa mdomo, ina mapengo, FT8 haina.

Na hizo wati 130? Ni desibeli 1.1, wakati hatua moja ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye mita ya redio, ni desibeli 6. Anayekusikiliza hatatambua chochote, ila jirani yako kwenye bendi atatambua ukianza kummwagia uchafu.

Kuna mambo mawili ambayo bado yananisumbua. Feni isukume hewa au iinyonye? Nimejaribu yote mawili, kila kasha likanipa jibu lake, kwa hiyo sina kanuni, nina kipimajoto. La pili, zamani nilikuwa nashauri pesti ibadilishwe kila baada ya miaka kadhaa. Siku hizi nasita. Nimeona redio nyingi zikifa kwa kufunguliwa bila sababu kuliko kwa pesti kuzeeka.

Huyu wa feni mbili nimemrudishia wati 100 na feni moja. Akauliza ile nyingine iko wapi. Nikampa mkononi.